Kamba Iliyopita Chini ya Msingi

Hakufa.

Wewe uliyeshinda wiki nzima, tangu sehemu iliyopita, ukimzika binti wa watu, mfukue sasa. Kijiko cha katapila kilisimama shubiri moja tu kutoka usoni mwa Kitinda, meno yake yakidondosha udongo mbichi juu ya kitambaa chake cha kichwa. Binti hakurudi nyuma. Hakupepesa hata jicho.

Dereva ndiye aliyefumba macho.

Alizima mashine. Akachomoa ufunguo, akautia mfukoni. Akaruka chini, akamjia binti mbio huku akifoka.

"Una wazimu? Ningekukata vipande viwili! Ningemwambia nini baba yako?"

"Ungemwambia yale unayomwambia kila siku," Kitinda alijibu. "Uongo."

Kwa aliyechelewa kujiunga nasi, hawa wawili ni wachumba. Kitinda ni kitindamimba wa fundi cherehani mstaafu, mzee ambaye mtaa mzima humwita Mzee Pindo, kwa kuwa pindo alilolishona halikufumuka hata nguo ilipogeuka tambara. Mchumba wake huitwa Taratibu. Wanaomjua wanaapa kwamba anaweza kumenya yai la kuchemsha kwa kijiko cha katapila na asiliguse lililo ndani.

Kazi yake hapa ilikuwa ya heri. Ua wa nyuma wa Mzee Pindo ulikuwa na mabonde na vichuguu, na Taratibu aliletwa kuusawazisha. Udongo mweusi wa juu aliukwangua akaurundika kando ya uzio, uje utandazwe tena siku ya kupanda nyasi. Palipoinuka akapachimba. Palipobonyea akapajaza kifusi, akapashindilia. Mwisho wa yote pangekuwa na bustani yenye maua na benchi la kukalia. Ndiyo ahadi ambayo Mzee Pindo alimpa mkewe ujanani, na mke akaondoka duniani hajaiona.

Ahadi nzuri. Basi kwa nini binti ajirushe mbele ya chuma?

Kitinda alinyoosha kidole. Kutoka kigingi cha uzioni mpaka kigingi cha kona ya jikoni, ilivutwa kamba nyeupe, imekaza kama uzi wa zeze. Haikuishia hapo ukutani. Iliteremka ndani ya handaki ambalo kijiko kilikuwa kimelichimba asubuhi hiyo mbele ya mlango wa jikoni, ikapita chini ya jiwe la kwanza la msingi.

"Nionyeshe mwisho wa kamba hii," alisema.

"Kitinda, mpenzi..."

"Mpenzi baadaye. Uliniambia nini wewe mwenyewe, tumekaa juu ya lile rundo la udongo, unanimalizia karanga zangu? Ulisema ardhi ya ua inainamia mbali na nyumba, kama mkwe anayeamkia. Maji yakianguka, yaende zake. Ukasema, mtu akichimba chini kuliko msingi, huyo hatengenezi bustani. Anafanya nini? Malizia."

Taratibu alitazama viatu vyake.

"Malizia!"

"Anabomoa."

Neno lilitoka dogo sana. Lakini lilitosha kuiangusha nyumba.

"Nani kakutuma?"

"Kaka yako."

Kaka Mkubwa! Yule ambaye Mzee Pindo, macho yalipomwisha, alimkabidhi nyumba na kila kitu chake, akisema mtoto wa kwanza ni mfuko wa pili wa baba. Kumbe mfuko ulikuwa umetoboka.

"Ameuza," Taratibu alisema, sasa haraka haraka, kama mtu anayetapika. "Mnunuzi anataka kiwanja kitupu. Mimi simjui, ni mama mmoja, hushuka garini havui miwani. Jumapili kaka yako atamchukua mzee kwenda kwake, kumtembeza tu. Akiondoka, nyumba inalala. Bustani ilikuwa... ilikuwa ya kumfanya atulie asiulize kelele za mashine."

"Na wewe ukakubali."

"Aliniambia, yeye ndiye atakayesimama badala ya mzee siku ya ndoa. Nikikataa kazi, nikusahau. Nilifanya kwa ajili yako!"

Ah, wanaume! Hutubomolea nyumba, kisha hutukabidhi vumbi na kusema ni zawadi. Hayo si maneno yangu. Ni ya Kitinda, aliyasema kwa sauti ya chini, na machozi yalikuwa bado hayajafika.

"Nilikuwa nikikusubiri, Taratibu. Nilimwambia kila mtu, huyu ni wa polepole lakini ni wa kweli. Usinisubiri tena."

"Kitinda!"

"Toa vigingi vyako uani kwetu."

Taratibu alifungua mdomo kujitetea. Hakuwahi. Sauti ya mzee ilipasua kimya kutoka ndani ya nyumba, ya furaha, imejaa kama ya bwana harusi.

"Kitinda! Mbona mashine imenyamaza? Wamemaliza, au dereva wako anakula?"

Wachumba walitazamana. Samahani, waliokuwa wachumba.

"Bado, Baba!" Kitinda aliita, akijikaza sauti isipasuke. "Wanapumzika!"

"Mwambie asipande maua karibu na ukuta. Mama yako hakupenda wadudu ndani. Na benchi lielekee jikoni, si barabarani. Sisi si watu wa kutazama magari!"

"Nitamwambia, Baba. Kaa hapo hapo, nakuja!"

"Kukaa nimekaa mpaka kiti kimeniomba talaka. Nakuja mwenyewe niunuse udongo."

Hapo Kitinda aligeuka kuutazama mlango.

Alikumbuka. Kila asubuhi, kabla mashine haijawashwa, yeye ndiye aliyefunga mlango wa jikoni kwa komeo, kwa sababu baba yake hakuwa na macho tena. Yalibaki ya kuona mwanga na kivuli tu, mengine yote aliyamaliza kwenye tundu la sindano. Nyumba yake aliijua kwa miguu. Lakini leo Kitinda alipochungulia dirishani akaiona ile kamba, alitoka mbio kupitia mlango huo huo, akapita juu ya ubao uliowekwa kuvukia handaki. Mlango aliuacha wazi. Ubao ulitereza nyuma yake ukaangukia handakini.

"Baba, usitoke!"

Mzee alikwisha kufika mlangoni. Shati limepigwa pasi, tabasamu mpaka masikioni. Mguu wake ulishuka ukitafuta ardhi iliyokuwa hapo tangu ujana wake.

Haikuwepo.

Hakupiga kelele. Aliingia handakini kama gunia linavyoshushwa. Wala msomaji usinidai maneno mazuri hapa. Mtu mzima akianguka, lugha nayo huanguka.

Taratibu aliruka ndani kabla vumbi halijatulia. Kitinda alipiga magoti ukingoni.

"Baba! Baba, sema kitu!"

"Nasema," mzee aliguna. "Dereva, huo ni mguu wangu au wako unaoupapasa?"

"Wako, Mzee. Haukuvunjika. Ngoja nikuinue."

"Usiniinue."

Mzee Pindo alikuwa ameketi chini, mgongo umeegemea upande wa nyumba. Kiganja chake kilikuwa kimekwama juu ya kitu. Vidole vilianza kutembea, polepole, kama vilivyozoea kutembea juu ya kitambaa kutafuta kasoro.

Tabasamu likamtoka.

"Hili jiwe nalijua," alisema. "Nililiviringisha mwenyewe kutoka barabarani. Mama yenu alishika upande huu, akacheka mpaka likatuponyoka. Lina kovu, hili hapa." Akalipapasa tena. "Jiwe la msingi halifukuliwi, mwanangu. Mbona ninalishika?"

Kitinda aliinamia udongo. Taratibu naye akauinamia. Ukiwaona, ungedhani wote wawili wameangusha shilingi.

"Dereva, panda juu," mzee alisema. "Uniache na jiwe langu. Nani kalifukua?"

"Mimi."

Jibu halikutoka kwa dereva. Kaka Mkubwa alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, shati jeupe, viatu vya ofisini juu ya kifusi. Hakuna aliyesikia gari lake.

"Ni mimi, Baba. Nimeuza. Hutakaa tena humu."

Nilitarajia Kitinda apige kelele. Alifanya zaidi. Alimwendea kaka yake akampiga kofi, na kofi hilo lilisikika mpaka kwa majirani.

"Kaka! Baba hajafa unamrithi?"

Kaka Mkubwa alishika shavu. Hakurudisha. Na hapa, wewe uliyemlaani tangu mwanzo wa hadithi hii, shika laana yako kidogo.

"Muulize mama alikufa na nini," alisema.

"Homa. Baba aliniambia ni homa."

"Muulize tena."

Kitinda aligeuka. Ndani ya handaki, Mzee Pindo aliinamisha kichwa.

"Ulikuwa mchanga, Kitinda, unatambaa," Kaka Mkubwa alisema. "Huu ua ulikuwa umeinamia nyumba. Kila mvua ikinyesha, maji yote ya huku juu yanateremka yanaingia jikoni. Mama anapika amesimama majini. Mama anakulaza mezani usilowe. Mimi nashika bakuli, nachota natupa nje, nachota natupa nje, na maji yananicheka. Kuta zikaota ukungu. Kifua chake kikaanza. Daktari akasema mtoeni kwenye unyevu, au geuzeni maji. Akamwomba baba, sawazisha ua. Siku chache tu za jembe na koleo! Baba akasema ana nguo za sikukuu za watu, atasawazisha mwaka kesho. Mwaka ukaja. Mwaka kesho. Ukaja mwingine..."

Aliyekuwa akiongea sasa hakuwa mtu mzima mwenye gari. Alikuwa mtoto mwenye bakuli.

"Uliahidi kivuli, ukatuacha juani. Uliahidi ukavu, ukatuacha majini. Nyumba hii ilimuua mama yangu, Baba. Sitaki ibaki hata tofali. Sitaki bustani juu yake. Maua ya nini leo? Ayanuse nani?"



Kitinda alipiga magoti tena ukingoni mwa handaki. Siku moja tu, na alikuwa amempoteza mchumba. Sasa mama yake alikuwa anakufa upya mbele ya macho yake, kifo kingine, kibaya kuliko kile alichosimuliwa.

"Ni kweli, Baba?"

Mzee alipangusa udongo kwenye jiwe.

"Ni kweli."

"Ukaniambia homa."

"Ulikuwa ukiniuliza huku umenishika shingo. Ningesemaje? Homa haina mwenyewe. Hii ilikuwa na mwenyewe."

"Miaka yote hiyo nimekupikia kwenye jiko lile lile! Nikafuta maji yale yale, nikidhani ni mvua tu!"

"Kitinda..."

"Usiniite!"

Taratibu alisogea amshike bega. Binti alimtazama mara moja tu. Taratibu akarudi nyuma.

Kisha Mzee Pindo akasema neno ambalo hakuna aliyelitegemea.

"Bomoeni."

Kaka Mkubwa aliinua uso.

"Bomoeni, mwanangu. Hukukosea. Nimeshona suti za mabwana harusi wa mji mzima, nguo ya nyumba yangu nikaiacha imepasuka. Lakini nina ombi." Kiganja chake kilikuwa bado juu ya jiwe. "Rudisheni udongo hapa kwanza. Sawazisheni ua kama ilivyopaswa, uinamie kule uzioni. Kisha tungoje mvua. Mvua moja tu. Niketi jikoni kwake, nisikie maji yakifika mlangoni yakageuka yakaenda zake. Siku inayofuata, bomoeni. Sitauliza kitu."

Kaka Mkubwa alivua viatu vya ofisini akaviacha juu ya kifusi, akatembea peku mpaka kwenye rundo la udongo, akachomoa koleo. Akatia udongo wa kwanza kwenye handaki, mbali na miguu ya baba yake. Akatia wa pili. Alikuwa akilia kwa sauti, bila aibu, kama wanavyolia watu waliokwisha kuchelewa.

Taratibu aliokota koleo la pili.

Msomaji, hapo ningeweza kuweka kalamu chini, na wewe ungefuta macho ukaenda zako. Lakini ua huo ulikuwa na mwenyewe.

"Nani kawaruhusu kurudisha udongo kwenye kiwanja changu?"

Sauti ya mwanamke. Makoleo yalisimama. Mama mmoja mwenye miwani myeusi alikuwa ameingia kwa lango la pembeni, mkoba mkononi, na haikujulikana alisimama pale tangu lini.

Mzee Pindo, asiyeona, ndiye aliyemtambua wa kwanza.

"Shemeji," alisema.

Mama yule akavua miwani. Kitinda akaona macho ambayo aliyafahamu kutoka kwenye picha moja ya sebuleni. Yalikuwa macho ya mama yake, yamezeeka.

"Usiniite shemeji," mama alisema. "Aliyetufanya ndugu ulimzika."

Ndiyo. Mnunuzi alikuwa mdogo wake marehemu. Mara ya mwisho kuingia uani humo ilikuwa siku ya maziko, na aliondoka bila kumpa mkono mtu yeyote.

"Ulijua ni yeye?" Kitinda alimuuliza kaka yake.

Kaka Mkubwa aliegemea koleo lake. Alijua.

"Mama Mdogo," alisema kwa unyonge, "Baba anaomba mvua moja tu."

"Nimesikia. Nina masikio. Nilinunua mahali hapa nije nikalie kiti nione nyumba ikianguka, na nimekuja mapema nisikose hata tofali." Akaufikia ukingo wa handaki, akamtazama mzee aliyeketi kwenye udongo na shati lake la pasi. Alimtazama kwa muda mrefu. Chuki, ukiitunza sana, nayo huchoka. Lakini haifi. "Sasa nimebadili nia."

Mama akaikunja miwani yake.

"Nyumba haitabomolewa. Ua utasawazishwa, maji yatageuzwa, maua yatapandwa, na benchi litaelekea jikoni. Dada yangu aliomba hivyo, atapata. Kitinda ataishi humu, na nyumba nitaiandika kwa jina lake."

"Mama Mdogo!" Kitinda alishika mdomo.

"Sijamaliza. Huyu," akamwonyesha mzee kwa ncha ya miwani, "hatalala humu hata usiku mmoja. Hatakalia benchi hilo. Hatasikia mvua hiyo. Akitoka humo shimoni, anakwenda moja kwa moja mpaka langoni, na asirudi."

"Hatukukubaliana hivyo!" Kaka Mkubwa alipaza sauti.

"Uliniuzia kiwanja, mwanangu, hukuninunua ulimi. Hamtaki? Dereva, washa mashine yako, tumalize leo."

Taratibu alitupa ufunguo kwenye rundo la udongo. Ulizama. Ilikuwa mara yake ya kwanza kukataa kazi maishani, na hakuna aliyemtazama.

"Nimekubali," Mzee Pindo alisema kutoka chini.

"Hukuulizwa wewe," mama alijibu. "Namuuliza yeye. Kitinda, wewe ni mtu mzima. Nyumba ya mama yako, kama alivyoitaka. Au huyu aliyekuambia ni homa. Sema."

Kitinda alibaki magotini pale ukingoni. Atasemaje? Hasira ilikuwa bado ya moto mkononi, hajapata hata pa kuiweka, na tayari walikuwa wakimwomba aitumie.

Mzee Pindo alijisukuma, akasimama kwa shida, mkono mmoja ukutani. Kichwa chake kilifika usawa wa kizingiti cha jiko. Akajipangusa udongo kwenye shati, akafunga kifungo kilichokuwa kimefunguka, kwa uangalifu, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Kisha akanyoosha mkono juu, kuelekea mahali alipodhani binti yake yupo. Hakukosea. Vidole vyake vilikuwa karibu kabisa na goti la Kitinda.

"Nipe mkono, mwanangu," alisema. "Nitoke."

Kitinda aliutazama mkono ule, vidole vilivyojaa alama za sindano. Akiushika, anamtoa shimoni. Akimtoa shimoni, anamtoa duniani mwake. Akauma mdomo, akaificha mikono yake nyuma ya mgongo.

"Kitinda?"

Mkono wa mzee ulipapasa hewa.

"Kitinda, mwanangu, uko wapi?"